Kliniki ya meno Busia, upande wa Uganda: kazi yao safi, mapokezi ndio shida

Ukiingia hii kliniki hautaona kitu cha kupiga picha. Viti vya plastiki, tivi iko lakini haina sauti, ukuta umepakwa kijani nusu na juu nyeupe, kama unataka mahali pa vioo na sofa tafuta kwingine. Mimi nawapa nyota nne, na niwaambie tu kwamba nafanya kazi duka la dawa, wakaguzi wa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wakija kwetu najua vile watu wanaanza kukimbia kutafuta makaratasi, kwa hiyo nikiingia mahali pa matibabu macho yanaenda ukutani kwanza.

Ukutani wako sawa. Leseni ya kituo ya UMDPC, lile baraza la madaktari, ni ya mwaka huu, si ile ya zamani imetundikwa juu kabisa kwenye fremu ili usiisome. Chumba cha eksirei nacho kina karatasi yake kutoka Atomic Energy Council, wale wanaosimamia mashine za mionzi, maana hata hiyo mashine ndogo ya meno inahesabiwa, sheria iko tangu 2008. Dada aliuliza kwanza kama nina mimba, akanivalisha aproni nzito ya risasi, ile metali ya kuzuia mionzi, yeye mwenyewe ana kile kibeji cha kupima mionzi kifuani, akatoka nje ndio akabonyeza.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni yule aliyeniona siku ya kwanza. Alisema wazi, "Mama, mimi ni afisa wa meno, si daktari. Kung'oa naweza saa hii ukitaka, ila hili jino linaokoleka, linataka kusafishwa mzizi, na hiyo ni ya daktari, anakuja Alhamisi." Jamani, hapo kuna elfu hamsini ya kung'oa aliiacha ijiendee. Hao maafisa wamesomea diploma na wanasajiliwa na baraza lingine, la Allied Health, la wahudumu wengine wa afya, daktari wa meno ni digrii, Makerere ni miaka mitano, lakini wote wanavaa koti jeupe na sisi wote tunawaita musawo, asingesema ningejulia wapi? Na huku mpakani bado kuna watu wanang'oa meno sokoni na koleo, achilia mbali wale wanaokwangua fizi za watoto wachanga ati wanatoa ebino, hayo wanayoita meno ya uongo.

Sasa hiyo Alhamisi. Stima ilipotea otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vyombo, ikiwa katikati. Jenereta wanayo lakini ni ndogo, inabeba taa na kiti, otoklevu inaishinda, hapo nawalaumu, Busia hii stima kupotea si habari mpya. Tukakaa weee. Mzee mmoja alikuwa ameshika shavu akachoka akamuuliza sista, "Si hivyo vyombo vimeshapata moto? Tumia tu." Sista akamwambia, "Pole mzee, moto wa nusu hausaidii, lazima ifike digrii 134 na ikae hapo dakika zake, ikikatika tunaanza mwanzo." Mzee akanuna, na mama mwingine akatoka akaenda zake akisema watu wa hapa wanapenda kuchelewesha watu. Mimi nilikaa, na nikiwa hapo nikachungulia daftari ya ile mashine iko wazi mezani, tarehe, namba ya mzigo, joto, presha, muda, sahihi, na ule mzigo uliokatika wameuandika vilevile kwamba haukuisha, umerudiwa. Mtu anayedanganya daftari haandiki mstari kama huo, mstari wa mdanganyifu unakuwa 134, 134, 134 kwa biro moja mwezi mzima, nimeziona.

Zamu yangu ikafika daktari akachana pakiti mbele yangu, tarehe imeandikwa juu na alama ya pembeni imebadilika rangi. Sindano ya ganzi ilivyotoka mdomoni ikaenda moja kwa moja kwenye boksi la sindano. Niliuliza pia kama wanapima mashine kwa zile spora, vijidudu vigumu kufa, unaziweka ndani halafu unaangalia kama zimekufa, kwa sababu alama kubadilika rangi inaonyesha tu kwamba joto limefika kwenye pakiti, hapo jibu lilizungukazunguka.

Ile nyota moja imeenda na mapokezi. Kuna kitabu kikubwa kaunta, unaandika jina, simu, na "tatizo", kila anayekuja baada yako anasoma. Nilijua yule kaka mbele yangu ana harufu ya mdomo na namba yake ya simu ninayo, bila kuuliza! Sheria ya kulinda data za watu iko tangu 2019 na kliniki si mahali pa kuisahau, karatasi moja moja kwa kila mgonjwa ingemaliza hiyo shida. Halafu miadi, wanawapa watu watatu saa tatu ileile, na wa nne ni shemeji wa mtu anapitishwa mlango wa nyuma. Risiti hupewi mpaka uombe, mimi niliomba mara mbili. Ukilipa na shilingi za Kenya wanakuwekea reti yao, badilisha kwanza huko nje kabla hujaingia.

Mzizi ulichukua zaidi ya ziara moja na bei ilibaki ileile walioniambia mwanzo, hakuna "kidogo ya dawa" iliyoongezwa. Kama una presha au sukari sema mapema, wanakupima kabla ya ganzi na wakiona iko juu wanakurudisha, hata ulie. Jumapili hawafungui. Ya daktari enda Alhamisi asubuhi sana, na choo ufunguo unaomba kwa askari.