Gereji ya Malindi iliyotibu gari lisilopenda baridi

Mtu akisema hapa Malindi kwamba gari lake haliwaki kwa sababu ya baridi, atachekwa, na mimi nilichekwa. Hata mwezi wa Julai, kusi inapovuma, alfajiri yetu huwa na joto la nyuzi 20 na zaidi, na Hilux yangu ya dizeli, yenye ile injini ya silinda nne ambayo Toyota huiita 5L, huwaka bila taabu. Taabu huanza ninapokwenda kwa wakwe zangu Nyahururu, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko, asubuhi moja ya Julai, nilipiga stata mara tisa huku moshi mweupe ukitanda uani kabla injini haijakubali. Duka moja la spea la hukohuko likaniuzia betri mpya bila kuipima ile ya zamani, na kesho yake gari likagoma vilevile.

Niliporudi nilielekezwa kwa fundi mmoja mwenye gereji ya wazi upande wa Kwachocha. Nilikwenda nikiwa na shaka, kwani sikuona ni vipi fundi wa Pwani angetibu maradhi ambayo dalili zake hazijitokezi Pwani. Yeye aliniomba jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniomba: "Maalim, liache gari lilale hapa, na asubuhi mtu yeyote asiliwashe mpaka nifike." Injini iliyotoka kuendeshwa, alinieleza, bado ina joto, na joto hilo huficha ubovu. Ikilala usiku mzima haifikii baridi ya bara, lakini angalau huacha kudanganya.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta ameshika mita. Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imetulia, yaani imejaa, na nilipopiga stata ilishuka hadi 10.8, kiwango kisicho na lawama. Kumbe stata yenyewe ilikuwa ikipata 9.4 tu. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata tena, na mita ikaonyesha volti 1.2 mahali ambapo haikupasa kuonyesha hata nusu volti. Umeme ulikuwa ukipotelea kwenye waya wa hasi, ambao kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu mahali unapofungwa kwenye injini. Sisi tunaoegesha magari karibu na bahari tunaijua chumvi kwa namna inavyotoboa milango. Sikuwahi kufikiri kwamba inakula na nguvu za stata. Alikata kichwa kile, akafunga kipya, akasugua teminali kwa maji ya moto yenye magadi na kuzipaka grisi. Stata ilizunguka kwa mlio ambao nilikuwa nimeusahau.

Hapo mafundi wengi wangenipa funguo. Huyu alisema kwamba moshi mweupe niliomsimulia ni dizeli iliyoingia bila kuungua, na kwamba huenda si stata peke yake iliyouleta. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa sababu hewa iliyobanwa hupata joto kali, na vyuma vikiwa baridi hulinyonya joto hilo kabla halijafanya kazi. Ndiyo maana kuna hita plagi, zinazopasha moto chumba cha kuwakia kwa sekunde chache ile taa ya koili inapowaka kwenye dashibodi. Alifungua bamba linaloziunganisha, akapima moja baada ya nyingine: mbili zilikuwa chini ya omu moja, yaani nzima, mbili zimekatika kabisa. Hapa Malindi mbili nzima zilitosha kubeba mzigo wa nne, kwa kuwa hewa yetu tayari ni ya moto. Nyahururu hazikutosha.

Alibadilisha zote nne, kwa hoja kwamba zina umri mmoja, nami nikakubali. Alinishauri pia niache oili ya 20W-50, ambayo huku haina shida lakini kwenye baridi huwa nzito kama asali na kuielemea stata, nitumie 15W-40 maadamu injini hainywi oili.

Gharama ilikuwa shilingi 5,200 za plagi na 2,500 za kazi, pamoja na kile kichwa cha waya. Oili nilinunua mwenyewe. Betri niliyouziwa bara ilinigharimu 14,000. Fundi aliipima na ile ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi nyumbani, akaikuta nzima. Sikutaka kusikia habari hiyo.

Kasoro zipo. Plagi ziliagizwa kutoka Mombasa, hivyo kazi ya nusu siku ikachukua siku tatu, na sikuarifiwa ucheleweshaji mpaka nilipopiga simu mwenyewe. Risiti yake ni kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino. Vilevile hakuwa na nia ya kuangalia rilei inayopeleka umeme kwenye plagi mpaka nilipomwuliza. Aliikuta nzima, lakini kwa mtu makini kama yeye nilitarajia aanzie hapo.

Mwezi wa Agosti nilipanda tena Nyahururu na kulala siku nne. Kila asubuhi nilisubiri taa ya koili izimike, nikapiga stata mara moja, na gari likawaka; moshi ulionekana siku ya kwanza tu, nao haukufika dakika.

Anayetaka kwenda apeleke gari jioni, akubali kuliacha lilale huko, na aepuke Ijumaa, kwa sababu gereji hufungwa kabla ya saa sita na mara nyingi haifunguliwi tena mpaka Jumamosi.