PlayStation ya kwanza au DuckStation? Angalia TV yako kwanza

Kama una TV ya chogo inayowaka vizuri, tafuta mashine yenyewe. Kama una TV bapa, pakua DuckStation, programu ya kompyuta inayoiga PlayStation. Michezo mingi ya PlayStation ya 1994 hutoa picha ya mistari 240 tu, na chogo huionyesha papo hapo. TV bapa nyingi huidhania ni mistari 480 ya kupishana, huichakata upya, na picha hutoka na ukungu huku kitufe kikijibu kwa kuchelewa. Kwenye gemu la ngumi unabonyeza kuzuia, umeshapigwa.

Kabla hujalipia mashine, igeuze usome lebo. SCPH-1000 ya Japani ni ya volti 100, SCPH-1001 ya Marekani ni 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 utaunguza pawa saplai, kwa hiyo hesabu na bei ya transfoma. Za PAL (za soko la Ulaya) hukwepa tatizo hilo, ila ni za Hz 50, na gemu ambalo halikurekebishwa hutembea polepole kwa takriban asilimia 17.

Kisha jaribu lenzi. Weka gemu lenye video, liache nusu saa mashine ipate moto. Video zikianza kukatakata, lenzi imechoka. Kwenye matoleo ya mwanzo inateleza juu ya plastiki, plastiki inalika, lenzi inalala upande. Kuigeuza mashine kichwa chini kunasogeza siku tu; badilisha lenzi. Ni familia ya KSM-440, nunua yenye herufi za mwisho zilezile. Na hapa mafundi wengi hukwama: lenzi mpya mara nyingi huja na tone dogo la risasi ya kulehemu lililounganisha vituo viwili kwenye ubao wake, kinga dhidi ya umeme tuli. Tone hilo lisipoyeyushwa na kutolewa, diski haisomi, na lenzi nzima inarudishwa dukani kwamba ni mbovu.

DuckStation inahitaji BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya KB 512, uitoe kwenye mashine yako. Nakili CD zako kama faili mbili: bin (data yenyewe) na cue (ramani ya nyimbo na sehemu za diski). Ukiacha cue, magemu yenye nyimbo za CD hubaki bila muziki. Kupunguza ukubwa, tumia programu ya chdman:

chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd

Kwenye mipangilio ya DuckStation, washa PGXP. Mashine halisi hukokotoa pembe za maumbo kwa namba nzima, ndiyo maana kuta hutetemeka ukitembea. PGXP hurudisha desimali zilizopotea na kuta hutulia. Tofauti ni kubwa mno. Gemu likionyesha nyufa, izime kwa gemu hilo tu. Kompyuta ikiwa na nguvu, weka Runahead (hupunguza kuchelewa kwa kitufe) fremu 1, tumia padi ya waya, na TV iwe kwenye hali ya gemu.

Usitegemee save state (DuckStation kuhifadhi gemu papo hapo ulipofika) peke yake, kwani toleo jipya la programu linaweza kukataa ya zamani. Hifadhi pia kutoka ndani ya gemu kwenye memori kadi ya kuigwa, yenye nafasi 15 kama ile halisi.