Kufungia bei ya umeme na gesi Uingereza: mkataba upi unamfaa mzee?

Mzee anayeishi kwa pensheni anataka awashe hita Januari bila kuchungulia mita kila saa. Kwa kipimo hicho ndicho nimepanga orodha hii, na ndiyo maana mkataba ambao miezi mingine huwa nafuu kuliko yote nimeuweka mwisho.

Tuanze na dhana inayowaumiza wengi. Ukifungia bei, kinachofungwa ni bei ya uniti na tozo ya kila siku, ile unayolipa hata usipowasha taa. Bili haifungwi: ukitumia zaidi, unalipa zaidi. Hata ukomo wa bei wa Ofgem, mdhibiti wa nishati, uko hivyo hivyo. Ile takwimu ya mwaka mnayoisikia kwenye taarifa ya habari ni makadirio ya nyumba yenye matumizi ya wastani. Ukomo huo ulianza Januari 2019, na tangu Oktoba 2022 unapitiwa upya kila miezi 3. Unamlinda mteja wa bei ya kawaida, ile inayopanda na kushuka. Mikataba ya bei iliyofungwa haiguswi nao, hivyo kampuni inaweza kumuuzia mzee mkataba ghali kuliko ukomo wenyewe na isiwe imevunja sheria. (Ireland ya Kaskazini ina mdhibiti wake na haimo kwenye mpango huu.)

1. Bei iliyofungwa kwa miezi 12, faini ya kutoka ndogo au haipo

Kwa wazee wengi, huu ndio wa kwanza. Unavuka nao baridi nzima ukijua kila uniti ni bei gani, na mwaka si mrefu kiasi cha kujuta bei zikishuka. Sharti langu ni moja: uwe sawa na ukomo wa sasa au chini yake. Ukiwa juu kidogo, mzee ambaye wasiwasi wa bili unamfanya akae kwenye baridi anaweza kuona inafaa kulipia utulivu huo, na simlaumu. Ukiwa juu sana, uache.

Hapa tozo ya kila siku itazamwe kwa makini, maana wazee wengi wanaishi peke yao na wanatumia kidogo. Chukua mfano wa mikataba miwili ya umeme. Wa kwanza uniti ni peni 24 na tozo ni peni 60 kwa siku. Wa pili uniti ni peni 26 na tozo peni 45. Macho yatakimbilia ule wa peni 24. Lakini mama anayetumia uniti 1,500 kwa mwaka atalipa paundi 579 kwenye wa kwanza, na paundi 554 hivi kwenye wa pili. Akitumia uniti 2,700, mikataba hiyo inakaribia kulingana kabisa. Kwa hiyo chukua bili zake za mwaka mzima, tafuta idadi ya uniti, kisha piga hesabu hii kwa umeme na kwa gesi. Usiridhike na malipo ya mwezi ambayo kampuni inapendekeza, kwa sababu hayo ni makadirio tu.

2. Bei ya kawaida iliyo chini ya ukomo

Haina faini wala tarehe ya kuisha. Inamfaa mzee anayetarajia kuhamia kwa watoto au kwenye makao ya wazee, au anayesubiri mikataba mizuri itokee. Udhaifu wake ni kwamba bei inaweza kubadilika Januari, katikati ya baridi.

3. Bei ya mchana na usiku

Hii ni kwa nyumba yenye hita za kuhifadhi joto, zinazochaji usiku na kutoa joto mchana. Mfumo wa Economy 7 unatoa saa 7 za bei nafuu usiku, lakini mara nyingi umeme wa mchana unakuwa ghali kuliko kawaida. Mzee asiye na hita hizo, anayepika na kutazama televisheni mchana kutwa, ataumia. Mwenye nazo afungie bei za namna hii, na asikubali kuhamishiwa bei moja kabla ya kupiga hesabu.

4. Bei iliyofungwa kwa miaka 2, faini kubwa

Miaka miwili ni mingi kwa mtu ambaye afya au makazi yake yanaweza kubadilika. Na faini mara nyingi hutozwa kwa umeme peke yake na kwa gesi peke yake, kwa hiyo izidishe mara mbili.

5. Bei inayofuata soko kila siku au kila nusu saa

Kwenye ile ya nusu saa, kwa kawaida bei hupaa jioni, kati ya saa 10 na saa 1, wakati mzee yuko nyumbani anapika na baridi imeingia. Sitamshauri mzazi yeyote aichukue.

Kabla hajahama, kuna swali ambalo wengi hulisahau: je, kampuni mpya inatoa punguzo la Warm Home Discount? Ni paundi 150 kwa wanaostahili, na baadhi ya kampuni ndogo hazimo kwenye mpango huo. Msaada wa serikali wa baridi kwa wastaafu hautegemei kampuni wala mkataba. Mwandikishe pia kwenye Priority Services Register ya kampuni mpya, yaani orodha ya wateja wanaohitaji msaada wa ziada. Ni bure, na umri wa kustaafu peke yake unatosha.

Akishasaini, ana siku 14 za kubadili mawazo bila faini, na siku 49 za mwisho wa mkataba anaweza kuondoka bure. Mwandikieni tarehe hiyo ya siku 49 kwenye kalenda ya ukutani. Asipochagua kitu mkataba ukiisha, kampuni kwa kawaida humrudisha kwenye bei ya kawaida bila kumuuliza.