Darasa la Afande kwa wanaowazia jeshi, Nakuru

Shilingi elfu tatu kwa mwezi, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hiyo ndiyo bei na ratiba ya Afande mmoja mstaafu hapa Nakuru anayewaandaa vijana kwa usajili wa makurutu wa KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya. Nimemaliza kozi yake na watu wananiuliza kama inafaa, hasa akina mama wenye mabinti waliomaliza shule na bado wako nyumbani. Inafaa, tena sana. Bango lake linaahidi mwili wa jeshi, na mwili kweli utaupata. Mimi ningekushauri uende mapema kuliko hapo, wakati bado hujajua kama jeshi ni lako.

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni, nina miaka 25. Nilikuwa na kibanda cha mitumba, nguo za watoto, kikafungwa mtaji ulipokwisha. Mwaka huohuo uchumba wangu ukavunjika, na wazee walikuwa wameshazungumza mahari. Mtaa wetu ni wa watu wanaojuana. Ukitoka kununua maziwa, lazima ukutane na mtu wa kukupa pole. Nikatamani mahali nisipojulikana, nivae nilichopewa, niamke nikiamshwa. Ndivyo jeshi lilivyoniingia kichwani. Na kwa kurutu wa kawaida umri unaotakiwa ni miaka 18 hadi 26, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kulifikiria kwa starehe.

Siku ya kwanza hukimbii, unapimwa. Kwenye ukuta wa banda lake amepigilia utepe wa fundi cherehani, na pale penye mita 1.60 pamechorwa mstari mwekundu. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa kinachokubaliwa, futi tano na inchi tatu. Unavua viatu, visigino vinagusa ukuta, anakulaza rula utosini. Unapanda mizani: mwanamke asipungue kilo 50, mwanamume kilo 54.55. Kisha analeta karai la maji. Unatumbukiza mguu, unakanyaga saruji kavu, naye anachuchumaa na kuitazama alama ya unyayo wako kabla haijakauka. Katikati pakiwa pamejaa, anakuambia palepale kwamba una unyayo bapa, na daktari wa jeshi ataliona hilo. Anakumulika meno kwa tochi ya simu. Anakusomesha herufi zilizobandikwa mlangoni, jicho moja moja. Anauliza kuhusu upasuaji wowote uliowahi kufanyiwa, na ukijibu kwa kusitasita, anauliza tena kwa upole zaidi.

Kijana mmoja aliyeanza pamoja nami hakuufikia ule mstari mwekundu. Alikuwa ameshatuma pesa ya mwezi mzima kwa simu. Afande akamrudishia zote akiwa amesimama pale, pamoja na za kutolea, akamwambia, "Mwanangu, hata nikukimbize hadi Krismasi sitakuongezea mfupa." Halafu wakakaa kwenye benchi, wakazungumza kirefu kuhusu kozi ya kuchomelea vyuma. Kwangu mimi, biashara hiyo ilishapata alama zake zote hapo. Ninawajua watu wangapi mjini hapa ambao wangeimeza ile elfu tatu na kumwambia kijana ajaribu bahati yake?

Jambo jingine analofanya siku hiyo ni kuuliza kama kuna mtu aliyetoa pesa za "nafasi". Huuliza mbele ya wote, kisha humsubiri anayetaka kumfuata pembeni. Nilimwona dada mmoja akimfuata. Mama yake alikuwa anatafuta mnunuzi wa kipande cha shamba ili walipe laki nne kwa mtu aliyedai ana jamaa mkubwa ndani. Tangazo la Wizara ya Ulinzi husema kila mwaka, kwa maandishi makubwa, kwamba usajili ni bure. Na kila mara tunasoma habari za vijana waliofika Eldoret, kwenye shule ya makurutu iliyo kambi ya Moi, wakiwa na sanduku la bati na barua ya mwito ya kughushi mkononi. Badala ya kupokewa, wanakamatwa. Fikiria mzazi aliyekusindikiza hadi steji, amekuombea dua, jirani wamekuchangia nauli. Afande alimpigia simu yule mama mwenyewe, akaongea naye kwa heshima, "Mama, usiuze." Shamba halikuuzwa.

Kuhusu mazoezi sina mengi ya kusema. Ni mchakamchaka kwenye barabara inayopanda kuelekea Menengai, ule mlima wenye kreta juu ya mji, pushapu, kamba, na kubeba mwenzako mgongoni. Baridi ya huko juu asubuhi si mchezo, njoo na fulana nzito na raba zilizokwisha kuuzoea mguu. Nakuru peke yake iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200, kwa hiyo vijana waliotoka Kisumu na kufikia kwa jamaa zao hapa waliteseka zaidi wiki za mwanzo. Afande hakuwakimbiza nasi. Aliwatembeza kwanza, halafu akawaongezea mwendo kidogo kidogo. Hatukani mtu. Anapaza sauti, ndiyo, lakini sikuwahi kusikia neno ambalo ningeona aibu kulirudia mbele ya mama yangu. Sisi Waislamu tulifika tumeshaswali, na Ramadhani alituhamishia mazoezi jioni, karibu na futari, bila ya sisi kumwomba.

Jumamosi ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Jumamosi hakuna kukimbia. Mnakaa kwenye viti vya plastiki, chai inapikwa kwenye jiko la makaa, na kila mtu anapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Swali la kwanza alilotuuliza lilikuwa: "Ukirudishwa Jumatatu, Jumanne utafanya nini?" Maana usajili kwenye kituo huisha siku hiyohiyo. Mnajaa uwanja mzima asubuhi, na jua linapotua wanaobaki na barua ni wachache sana. Anataka uandike jina la kazi, jina la mtu utakayemwendea, na nauli ya kufika kwake. Wengi tulikaa na karatasi nyeupe. Mimi niliandika "nitajaribu tena mwakani", akaisoma, akaniambia, "Binti, hiyo ni ya mwakani. Mimi nimekuuliza Jumanne."

Karatasi ya pili ilikuwa ya madeni. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, na kama anajua unataka kuondoka. Nikaandika chama chetu cha kuweka na kukopa, nikaandika Hustler Fund, ule mkopo wa serikali, nikaandika Fuliza, ule wa M-Pesa, nikaandika shangazi yangu. Afande alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: jeshi halikufutii jina lako kwenye daftari la mtu. Wakati wa mafunzo Eldoret simu haiko mikononi mwako kama ulivyozoea, na mweka hazina wa chama akikutafuta asikupate, anayegongewa mlango ni mama yako. Kwa hiyo alitupa kazi ya nyumbani, kwenda kuzungumza na kila mtu aliye kwenye orodha kabla ya Jumamosi inayofuata. Nilikwenda. Mweka hazina wetu, mwanamke ninayemwogopa kuliko afande yeyote, alinipangia kulipa kidogo kidogo, akaniuliza mbona sikuja zamani. Shangazi alisema deni lake alishalisamehe siku uchumba ulipovunjika. Nililia kwenye ngazi zake.

Tazama basi kilichotokea. Nusu ya nilichotaka kukikimbia ilimalizika kwa mazungumzo ya wiki moja, na bado nilikuwa sijavaa kombati.

Hakutuficha mambo ya kazi yenyewe. Kuna wakufunzi wanaowauzia vijana picha za gwaride tu. Huyu alitaja El Adde, Januari 15, 2016, kambi yetu iliyovamiwa Somalia, akatuambia tukawaulize wazazi wetu wanakumbuka nini kuhusu siku zile. Alimtaja Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi aliyefariki kwenye ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, pamoja na wanajeshi wengine. Hapakuwa na vita siku hiyo. Walikuwa kazini tu, humu humu nchini. Vijana wa kutoka Siaya waliokuwa darasani walikuwa wamehudhuria mazishi yake kule Alego, akazikwa bila jeneza kama alivyoagiza. Darasa lilikaa kimya kwa muda, na Afande hakuharakisha kuuvunja ukimya huo. Baadaye akatuambia mtu anayeingia jeshini kwa sababu amechoka na maisha hatoshi, kwa kuwa mwenzake aliye kando yake hajachoka na anataka kurudi kwa watoto wake salama. Hoja hiyo ilinigeuza kabisa. Nilikuwa nimelipima jeshi kwa faida yangu peke yangu, nitalala wapi, nitamsahau nani. Sikuwa nimemfikiria wa kando yangu.

Alituletea pia mama mmoja mstaafu aliyejiunga enzi za kikosi cha wanawake, kile kilichovunjwa 1999 na wanawake wakaingizwa kwenye vikosi vyote. Aliketi na sisi mabinti peke yetu. Alitueleza habari za hedhi wakati wa mafunzo, na nywele kukatwa. Alisema wazi kwamba mwanamke hapokewi akiwa mjamzito na hatakiwi kushika mimba mafunzo yakiendelea, kwa hiyo mwenye mchumba na azungumze naye sasa. Alizungumza pia kuhusu upweke wa mwezi wa kwanza. Tulipomuuliza kama mwanamke hupanda kweli, alimtaja Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, ambaye mwaka 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Jeshi la Wanahewa. Mimi jina hilo nilikuwa nalijua, lakini kulisikia likitamkwa na mtu aliyewahi kuvaa sare zile kuna uzito wake. Akaongeza kwamba wengi hawafiki huko, wengi hustaafu na cheo cha kawaida na maisha ya kawaida, na yeye hajutii.

Sasa kasoro, maana zipo. Mama yule alikuja mara moja tu. Kwa darasa ambalo karibu nusu yake ni mabinti, hilo halitoshi. Kuna maswali ambayo hutamuuliza mzee wa umri wa baba yako, hata awe mwema namna gani. Choo ni kimoja, kwa wote, na mlango wake haufungi vizuri. Vyeti pia havikupewa uzito unaostahili. Siku ya usajili unatakiwa kuwa na kitambulisho na vyeti halisi, na kwa kurutu wa kawaida alama ya chini ni D wastani ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwenzetu mmoja cheti chake kiko ofisini kwa shule aliyosoma kwa sababu ya karo iliyobaki, akagundua anakihitaji wiki za mwisho kabisa. Wizara ya Elimu imewaambia walimu wakuu mara nyingi wasizuie vyeti, na hilo lilikuwa jambo la kushughulikia siku ya kwanza, pamoja na karai na mizani. Aidha, mwenye ufundi, kama fundi wa umeme au wa magari, anakubaliwa hadi miaka 30, na mlango huo Afande aliugusia juu juu tu. Kuna kaka darasani mwenye miaka 27 na cheti cha ufundi bomba aliyekuwa ameshajihesabu amechelewa.

Kwa hiyo nani aende? Wewe ambaye umeachwa, umefilisika, umefiwa, au umechoka tu kuamkia ukuta uleule, na jeshi linaonekana kama basi la kwanza linalotoka mjini. Toa elfu tatu, kaa mwezi mmoja, usikose Jumamosi hata moja. Kama umeshaamua na unachotaka ni pumzi, barabara ya Menengai haina mlango wala karo, kimbia mwenyewe. Na kama umeahidiwa kazi ya ulinzi nchi za nje kwa mshahara wa kutisha, nenda kwa Afande hata kabla ya kufungasha. Mwaka 2025 tulisikia habari za vijana wa Kenya walioitikia kazi Urusi wakajikuta kwenye vita vya Ukraine. Anayo mengi ya kukuambia kuhusu mkataba usioweza kuusoma.

Mimi nimeamua nitasimama kwenye usajili ujao, tangazo likitoka kabla sijapita umri. Nimeshaandika jibu la Jumanne: nimerudi sokoni na binamu yangu, tunagawana bei ya belo la nguo za watoto. Nikipata barua, yeye anaendelea na kibanda. Nikirudishwa, kesho yake nafungua naye saa moja asubuhi. Bondeni bado wananipa pole, nami naitikia na kwenda zangu.

Afande, ukisoma haya, nimekupa nyota nne. Ya tano naishikilia hadi umwajiri yule mama awe anakuja kila Jumamosi, na uweke komeo kwenye ule mlango wa choo.