Kumsikiliza mwanamuziki mtandaoni au kumtunza mkononi?

Tangu 2024, Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa mpiga udi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anayejirekodia mwenyewe, huo ni mlima, na hata akiupanda, malipo ya kila usikilizaji ni kidogo mno.

Sasa nenda kwenye taarabu. Unainuka, unacheza taratibu hadi jukwaani, noti ya elfu kumi unaiweka kiganjani mwa mwimbaji: ndiko kumtunza. Imefika usiku uleule! Tiketi ya onyesho pale Ngome Kongwe nayo humsaidia kuliko miezi ya kumsikiliza simuni.

Mimi nachagua mkononi, kabisa. Simu siitupi lakini: wimbo nauhifadhi, kisha nawatumia ndugu zangu walioko Muscat, wasioweza kuja kumtunza.