Uzoefu wangu na michoro ya redwork kwenye swetashati za butiki

Niseme mapema, kama unauza swetashati zenye darizi na hujawahi kujaribu michoro ya redwork basi unajinyima kitu kizuri sana. Mimi nimeitumia msimu wote wa baridi hapa Arusha na sasa ndiyo inayobeba butiki yangu, yale maua ya kujaza uzi nayafanya kwa oda tu.

Kwa ambao hawajakutana nayo, redwork ni mistari mitupu ya rangi moja, nyekundu, hakuna sehemu inayojazwa. Mtoto kavaa kofia kubwa, paka na kikapu chake, birika la chai, tawi lenye ndege, yani kama mtu kachora kwa kalamu nyekundu juu ya kitambaa. Ni kazi ya Waingereza na Wamarekani wa karne ya 19, kule London shule ya darizi ya kifalme ilianzishwa 1872 na kazi zake zikapelekwa kwenye maonesho makubwa ya Philadelphia ya 1876, Wamarekani wakaipenda, baadaye madukani kwao vikawa vinauzwa vipande vya pamba vyenye mchoro tayari kwa senti moja, mama ananunua anashona jioni nyumbani halafu anaviunganisha anapata shuka zito la kitanda. Na wekundu haukuchaguliwa kwa urembo tu, nyuzi nyingi za rangi zama zile zilikuwa zinachuja, ila nyekundu ya Uturuki iliyotengenezwa kwa mizizi, mafuta na shabu ilikuwa inavumilia kufuliwa. Mimi nikiiangalia naona vitambaa vya makochi vya mama zetu kabisa, mchoro unapigwa kwa kaboni halafu unafuata mstari na sindano mpaka mwisho. Ndiyo maana wateja wangu wa umri wa mama wakiingia dukani wanaishika hiyo kwanza.

Sasa kwa nini inakaa vizuri kwenye swetashati. Kitambaa chenyewe kinavutika na ndani kina manyoya, ukikipiga ua kubwa la kujaza lenye mishono makumi ya maelfu kifua kinakuwa kigumu, hakikunjiki, na ukishafua pembeni ya ua kunajikunja kunyanzi hata ukipiga pasi hakunyooki. Redwork mchoro mzima ni mishono elfu chache tu, swetashati inabaki laini na inamkalia mtu vizuri, mtoto anaweza kulala nayo haimkwaruzi. Tena rangi ni moja, husimami kubadilisha uzi, mashine inafanya kazi na wewe unaendelea kukata au kufungasha mzigo wa mteja.

Ila faili, yaani mchoro wa kompyuta ambao mashine ya darizi inausoma, ndiyo kila kitu jamani, hapa msiangalie bei. Faili nzuri ya redwork sindano inaanza sehemu moja inazunguka mchoro mzima bila kukata uzi, ikifika mwisho wa jani inarudi juu ya mstari wake wenyewe inaendelea na jani lingine, mpaka inamaliza kuna fundo la kuanzia na la kumalizia basi. Na mstari wenyewe uwe ule wa kupita mara tatu, sindano inakwenda mbele, inarudi, inakwenda tena kwenye matundu yaleyale, maana mshono wa kupita mara moja kwenye swetashati unazama kwenye kitambaa hauonekani. Kifurushi changu cha kwanza cha faili kilikuwa hivyo na nilikipenda mno. Kingine nilichonunua kwa muuzaji mwingine kilikuwa picha tu imegeuzwa na programu, mashine inakata uzi kila baada ya sentimita chache, kwa ndani mafundo yamejaa, uso wa mtoto jicho moja limekaa nje ya mstari. Pesa haikurudi. Siku hizi sipigi mchoro wowote kabla sijauangalia kwenye programu ukijichora polepole, ukiona sindano inarukaruka huku na huku achana nao.

Saizi pia muangalie. Vifurushi vingi vinakuja na ya sentimita 10 kwa 10 na ya 13 kwa 18, na aina mbalimbali za faili kutegemea mashine yako, PES, JEF, DST. Kifua cha mtu mzima ile ndogo inapotea, ichukueni ile kubwa, ndogo iwekeni mfukoni au karibu na kiwiko. Kukuza DST kupita kiasi ni kuharibu, mishono inavutwa inakuwa mirefu na inanasa kwenye vitu.

Kwenye mashine mimi natumia sindano ya ncha ya mviringo namba 75/11 ili isikate nyuzi za kitambaa, uzi wa poliesta namba 40, na mwendo naushusha. Chini naweka ile karatasi ya kubaki, ya kukata kwa mkasi, siyo ya kuchana, kwa sababu kitambaa kinachovutika kinahitaji kushikiliwa hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Juu naweka ile plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji ili mstari usizame. Swetashati ikae kwenye fremu imenyooka bila kuvutwa, ukiivuta ikitoka kwenye fremu inarudi na duara linakuwa yai. Poliesta haichuji, nimefua krimu na nyekundu yake na krimu imebaki krimu, ila waambieni wateja wageuze ndani nje kabla ya kufua.

Rangi ya swetashati ni krimu, nyeupe au kijivu cha michirizi. Nyeusi na bluu ya giza msihangaike, wekundu hauonekani vizuri juu yake, hauna raha. Na vijana wanaotaka maandishi makubwa kifuani siyo wateja wa kitu hiki, hawa ni akina mama, walimu, dada wa maofisini, na wanaonunulia watoto zawadi.

Kinachonikosesha raha ni kwamba vifurushi vyote watoto ni wa kizungu wa zamani, na mabwawa yao na mabata yao. Nimeshakaa na kijana mmoja anayetengeneza faili hapa mjini, tunachora binti kajifunga kanga na ndoo kichwani, na kuku na vifaranga wake pembeni, mstari mmoja usiokatika. Tutaanza na krimu saizi ya watoto kabla ya baridi ya Juni.