Intervention na Celebrity Rehab: uraibu mbele ya kamera

Vyote viwili ni vipindi vya Marekani. Intervention kilianza kwenye chaneli ya A&E mwaka 2005, Celebrity Rehab kwenye VH1 mwaka 2008.

Kwenye Intervention, mraibu anajua tu kwamba anarekodiwa kwa filamu kuhusu uraibu. Hajui kuwa ndugu zake wanaandaliwa na mshauri. Anaingia chumbani, anawakuta wamekaa, barua mkononi: tunakupenda, umetuumiza, na usipokubali matibabu, hela na malazi basi. Akikubali, anaondoka siku hiyo hiyo. Haraka hiyo ina sababu: arosto (mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea) ikianza, nia huyeyuka. Matibabu kwa kawaida ni siku 90, na sehemu kubwa hatuioni.

Celebrity Rehab kiliifanya wodi yenyewe kuwa jukwaa: watu maarufu, siku 21, Pasadena, California, tena kwa malipo. Kumlipa mgonjwa ili aumwe hadharani, hapo pana walakini. Sifa yake ni kuonyesha arosto ilivyo. Mlevi sugu akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 48, ndiyo maana anahitaji daktari karibu. Ila siku 21 husafisha mwili tu. Kwa mtumiaji wa heroini akitoka hapo ndio wakati wa hatari zaidi: mwili umeshapoteza uzoefu wa kuhimili dawa, akirudia dozi yake ya zamani pumzi husimama. Baadhi ya washiriki walifariki miaka ya baadaye.

Kwa familia inayotafuta pa kuanzia, Intervention kinafaa zaidi. Tishio msiloweza kulitekeleza, lakini, msiliandike kwenye barua.